Hapana, Umeme Haupiti Juu ya Ngozi

Jamaa kwenye klipu amevaa nguo ya chuma kuanzia utosini hadi unyayoni. Amesimama katikati ya minara miwili, kila mnara una duara nene la bati juu yake, na kutoka kwenye bati hilo radi za zambarau zinamchapa mabegani, kichwani, kwenye ncha za vidole. Yeye anapiga gitaa. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba sauti nyingine haitoki kwenye spika. Radi zenyewe zinaimba.

Chini ya klipu promota alikuwa ameandika: "Fundi, nataka hii kitu kwenye shoo ya Desemba. Msanii wetu asimame hapo katikati. Inawezekana?"

Nilikuwa ghalani nakunja nyaya za shoo ya jana yake. Kabla sijajibu, ukaingia ujumbe wa pili: "Usiogope, nimeshauliza. Umeme wa hivyo unapita juu ya ngozi tu, hauingii mwilini."

Huo wa pili ndio uliokaa kichwani mwangu wiki hadi wiki.

Kazi yangu ni jukwaa: sauti, taa, jenereta. Nimewaona wasanii wakisogeza mdomo kwenye maiki na kurushwa nyuma kwa sababu mtu aliwasha jenereta bila kuchimbia ethi, ule waya wa kuupeleka umeme ardhini. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu ni salama, namuuliza kwa nini. Safari hii sababu nilipewa, tena inasikika ya kisomi, na kila nilikopekua niliikuta: kwenye video, kwa wanaoonyesha mashine hizi, hata kwa watu waliosomea umeme. Ngozi, ngozi, ngozi.

Nilitaka kujua kama ni kweli. Atakayesimama pale ni mtoto wa mtu.

Gari kwenye tope

Mashine yenyewe ni koili ya Tesla, ya mwaka 1891, na vitu vilivyomo ni vichache. Umeme wa ukutani unaingia kwenye transfoma na kupandishwa hadi volti 10,000 au 15,000. Unajaza kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji. Kapasita ikishiba, hewa iliyo kati ya vyuma viwili vinavyotazamana inapasuka kwa cheche, na chaji yote inamwagikia koili ya kwanza, ambayo ni mizunguko michache tu ya bomba nene la shaba. Katikati ya mizunguko hiyo inasimama koili ya pili: bomba refu la plastiki lililosukwa waya mwembamba, mizunguko kama 1,000, safu moja. Juu kabisa ndipo linapokaa lile bati.

Koili hizi mbili hazigusani. Kinachoziunganisha ni kwamba zimepangwa ziwe na mapigo yaleyale.

Aliyewahi kushuka kwenye daladala lililonasa kwenye tope analielewa jambo hili bila mchoro. Gari halitoki kwa msukumo mmoja. Mnalisukuma, linakwenda kidogo, linarudi, na mnasukuma tena pale pale linapoanza kwenda. Kila msukumo unaongezea uliotangulia. Koili ya kwanza inaisukuma ya pili hivyo hivyo, kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Zikipishana mapigo, juu hakuna kitu. Zikipatana, volti zinapanda mpaka hewa inashindwa kuzuia.

Zambarau ile ni rangi ya naitrojeni iliyosisimuliwa na umeme. Harufu kali inayobaki baadaye ni ozoni. Na mlio ni hewa iliyopata moto ghafla ikatanuka, sawa kabisa na ngurumo ya mvua.

Mchoro niliupeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, fundi wa kusuka mota tangu sijazaliwa. Akavaa miwani, akaufuata kwa kidole kutoka chini hadi juu, kimya. Kidole kikasimama kwenye koili ya pili.

"Kusuka hii naweza, mwanangu. Lakini hapa waya mmoja ukipanda mgongoni kwa mwenzake, umekwisha. Umeme utaruka hapo hapo, utatoboa bomba, na kazi yako yote umeitupa."

Hakuwahi kuiona mashine hii, lakini aliusoma udhaifu wake kwa kuitazama mara moja.

Hizo milioni kwenye mabango

Matangazo ya shoo za namna hii hupenda kuandika "volti milioni". Namba hiyo ilinisumbua nikaipigia hesabu.

Hewa husalimu amri kwa takribani volti 30,000 kwa kila sentimita. Radi ya mita 3 kwa kipimo hicho ingetaka volti milioni 9. Lakini koili inayotoa radi ya mita 3 kwa kawaida haifiki hata milioni 1. Inacheza kwenye laki kadhaa. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Inatoka kwenye kurudia. Pigo la kwanza linatoboa njia fupi hewani. Kabla njia hiyo haijapoa, pigo la pili linapita mle mle na kuongeza kipande mbele, na la tatu vile vile. Mamia ya mapigo kwa sekunde. Radi inakua mbele ya macho yako, ila kasi yake inakufanya uone kitu kimoja.

Maana yake ni kwamba urefu wa radi unalipiwa kwa nguvu. Wanaojenga koili wana kanuni yao: urefu hufuata kipeuo cha pili cha nguvu. Ukitaka radi ndefu mara mbili, lisha mashine nguvu mara nne. Hapo ndipo nilipoacha kuifikiria volti, nikaanza kufikiria kilowati, kwa sababu kilowati ndizo ninazozibeba kwenye lori kila wikendi. Ile kauli ya kututuliza, "volti nyingi, mkondo kiduchu", inafaa kwa cheche ya sweta unapolivua usiku. Jukwaani, nyuma ya pazia kuna laini ya fezi tatu, ile ya mitambo mikubwa.

Picha ya kiti

Tarehe 20 Mei 1891, kwenye chuo cha Columbia jijini New York, Nikola Tesla alisimama mbele ya wahandisi wenzake kati ya mabamba mawili ya zinki. Alishika mirija ya kioo isiyo na waya wowote. Ikawaka mkononi mwake. Mwaka uliofuata aliwaonyesha watu wa London na Paris. Maonyesho ya jukwaani ya koili yana asili hapo, na yalianza na mtu aliyeruhusu mkondo upite mwilini mwake huku anaongea kwa utulivu.

Kisha kuna ile picha ambayo bila shaka umeiona. Colorado Springs, 1899. Tesla ameketi kitini, juu yake radi zimejaa chumba kizima, yeye anasoma. Imesambaa mno kwenye simu zetu kiasi kwamba wengi wanaichukua kuwa ushahidi: mbona mwenyewe alikaa humo?

Hakukaa humo. Bamba moja la picha lilipigwa mara mbili: mara moja radi zikiwaka, mara nyingine yeye ameketi na radi zimezimwa. Tesla mwenyewe aliliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu zake za kazi.

Nimeitazama picha hiyo tena na tena tangu nijue. Mtu aliyeijua mashine kuliko wote duniani hakuketi kwenye kile kiti radi zikiwa zimewashwa.

Waliomfuata hawakuwa wote na uangalifu huo. Uingereza ilikuwa na Walford Bodie, Mskoti aliyejaza kumbi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kiti cha umeme na cheche, akidai pia kwamba umeme wake unaponya vilema. Mwaka 1909 aliyekuwa msaidizi wake alimshtaki akashinda, na mwaka huo huo wanafunzi wa udaktari walifanya fujo kwenye onyesho lake Glasgow. Namtaja kwa sababu alikuwa mwalimu wa wengi kwenye ufundi huu: onyesha cheche, kisha wape watu maelezo yoyote yatakayowafanya wakuamini.

Dada yangu na pedi ya pajani

Jibu la ngozi lilivunjikia mahali nisipopategemea: mezani kwa dada yangu mkubwa, muuguzi wa chumba cha upasuaji.

Tulikuwa tunakula. Nikamweleza kisa cha promota, nikafika kwenye ngozi. Akaacha tonge.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu, dada."

"Mbona sisi tunapasua kwa daiathemi kila siku? Ule si umeme wa kasi hiyo hiyo? Ungekuwa unapita juu ya ngozi ungekataje nyama ya ndani?"

Akanieleza. Kisu cha daiathemi hupeleka umeme wa laki kadhaa za mizunguko kwa sekunde. Unaingia kupitia ncha ya kisu, unapita mwilini mwa mgonjwa, unatokea kwenye pedi pana iliyobandikwa mara nyingi pajani. Kwenye ncha eneo ni dogo, kwa hiyo joto ni kali, nyama inakatika na damu inakauka. Kwenye pedi eneo ni kubwa, joto linatawanyika. Moyo unaendelea kudunda kama kawaida.

"Pedi ikibanduka kona moja, mdogo wangu, mgonjwa anaamka na jeraha la moto pajani. Hilo ndilo tunalichunga."

Njia hiyo ya upasuaji ilipata umaarufu mwaka 1926 pale Boston, daktari Harvey Cushing alipotumia kifaa cha William Bovie. Karibu miaka 100 hospitali zinapitisha umeme wa masafa ya juu, yaani wa mizunguko mingi kwa sekunde, katikati ya miili ya watu, na bado kwenye majukwaa tunaambiwa haupiti.

Nilirudi kwenye hesabu. Ni kweli kwamba umeme wa kasi hupenda kukaa juujuu ya chuma. Kwenye shaba, kwa masafa ya laki 1, unazama kama milimita 0.2 tu. Lakini kina hicho hutegemea kitu kinachopitisha, na mwili wetu hupitisha umeme vibaya sana ukilinganisha na shaba. Kwa mwili wa binadamu, kina hicho kwa masafa hayo hayo kinazidi mita 1.

Hakuna binadamu mwenye unene wa mita. Umeme unapita kote.

Basi kwa nini Tesla hakurushwa? Mfaransa Arsène d'Arsonval alikuwa amelifuatilia swali hilo miaka ile ile. Aligundua kwamba mkondo ukivuka mizunguko kama 10,000 kwa sekunde, misuli haijikunji tena na mtu hasikii mshtuko. Mishipa ya fahamu inahitaji muda kidogo ili iitikie. Mkondo unaokwenda na kurudi haraka kuliko muda huo unaipita kabla haijaamka.

Umeme umo ndani. Kilicholala ni kengele ya hatari.

Naomba hapa twende polepole, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Mtu anayeamini habari ya ngozi, asiposikia maumivu anajiambia: umeme haujaniingia, naweza kuendelea. Mtu anayejua habari ya mishipa, asiposikia maumivu anajiambia: sina njia ya kujua ninaungua kiasi gani. Wote wawili wameweka mkono mahali pamoja. Mmoja atautoa mapema.

Wimbo unaleta jambo jipya

Kuna lingine ambalo sikulisikia likisemwa kwenye zile video.

Koili inaimba kwa kuwashwa na kuzimwa. Ukiiwasha kwa vipande vifupi sana, mara 440 kwa sekunde, hewa inapasuka mara 440 kwa sekunde na sikio linasikia noti ya la. Badilisha idadi, umebadilisha noti. Kompyuta inatuma maagizo kupitia waya wa kioo unaopitisha mwanga, kwa sababu waya wa shaba ungeirudishia kompyuta ile radi. Kundi la ArcAttack kutoka Austin, Texas, lilifika nusu fainali ya shindano la vipaji la televisheni Marekani mwaka 2010 kwa kazi hii, na Björk aliiweka koili ndani ya kizimba kama ala kwenye maonyesho yake ya Manchester mwaka 2011. Ni kazi nzuri mno. Nimeisikiliza kwa headphone hadi usiku wa manane.

Lakini tazama kilichotokea. Ndani ya kila kipande umeme bado unakwenda kwa masafa ya juu ambayo mishipa haiyasikii. Vipande vyenyewe, hata hivyo, vinakuja mara 440 kwa sekunde, au 200, au 100. Kasi hiyo mishipa inaielewa vizuri sana. Kwa hiyo ulinzi ule wa Tesla, uliotokana na umeme kuwa wa kasi, unapungua pale koili inapoanza kuimba. Radi inayoimba inauma na inakunja misuli.

Na ikitokea radi ikarudi chini na kujiunga na nyaya za kuilishia mashine, inaweza kukuletea umeme wa ukutani wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde, ulio hatari zaidi kwa moyo.

Kwa hiyo ile nguo

Ndiyo maana jamaa wa klipu amevaa chuma. Ndiyo maana David Blaine, alipokaa kati ya koili 7 kwenye gati la New York kwa siku 3 Oktoba 2012, alivaa nguo ya pete za chuma na kichwa chake kikafungiwa ndani ya kizimba cha waya.

Michael Faraday alikwisha kulionyesha hili mwaka 1836 London. Alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia kitu kinachopitisha umeme, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje cheche zikiruka. Ndani vipimo havikuonyesha umeme wowote. Nguo ya jukwaani ni chumba hicho kilichoshonwa kwa umbo la mtu. Radi inafika kwenye chuma, inashuka kwa njia ya chuma hadi kwenye ethi, na mwili hauna sababu ya kuwa njia.

Na hapa kuna jambo lililonipendeza nilipoliona: ile habari ya "juujuu" inakuwa kweli, ila kwenye ngozi ya chuma.

Nguo hiyo si vazi la kuigiza. Tundu kwenye kiganja, kofia iliyoachana na shingo, kiatu kisichounganishwa na suruali, kila kimoja ni mlango. Nani angeishona hapa kwetu kabla ya Desemba? Nani angeipima? Msanii anaruka, anainama, anatoa jasho, anavua kofia ili mashabiki wamwone uso. Sote tunawajua wasanii.

Kilicho kimya

Nilirudi Gerezani. Nilidhani mzee ataniuliza kuhusu radi, yeye akauliza kapasita iko wapi na nani ataimaliza chaji mashine ikizimwa.

Vijana wengi hawakuzijua TV za chogo kwa undani. Mzee amezitengeneza miaka na miaka. Alichukua bisibisi ndefu kutoka ukutani, shingoni imefungwa waya wenye klipu ya mamba. Klipu unaibana kwenye fremu ya chuma ya TV, kisha ncha ya bisibisi unaipitisha chini ya ile kofia ya mpira ubavuni mwa kioo. Tap! Hapo ndipo unaweza kugusa. TV imechomolewa tangu asubuhi, haina mwanga wala sauti, na bado kioo kimeshika chaji ya maelfu ya volti.

"Waliorushwa na hizi," alisema, "wote TV ilikuwa imezimwa."

Koili za kisasa zina akiba kubwa kuliko hiyo. Chukua laini ya fezi tatu ya volti 400, igeuze iwe ya moja kwa moja, unapata karibu volti 560. Jaza kapasita za mikrofaradi 5,000. Humo kuna karibu jouli 780. Mashine ya hospitali ya kuushtua moyo hutoa kati ya 200 na 360. Na kapasita hizo hazitoi cheche wala harufu wala wimbo. Zimekaa kwenye sanduku chini ya jukwaa, mahali ambapo kijana wa kubeba vifaa ataingiza mkono saa nane usiku akiwa na haraka ya kupakia lori.

Hofu yangu kubwa ilihama kutoka kwa msanii ikaenda kwa kijana huyo.

Nilichomjibu

Nilimwandikia promota kwamba radi inawezekana, na mtu ndani yake haiwezekani, si mwaka huu. Koili ikae ndani ya uzio wa waya uliofungwa ethi yake peke yake, mbali na ethi ya sauti. Msanii awe mbali kuliko urefu wa radi ndefu kuliko zote, na nusu yake tena. Mwenye kifaa cha moyo kifuani atangaziwe mlangoni. Mtu mmoja ashike swichi ya kuzima na asiwe na kazi nyingine yoyote usiku huo. Sanduku la kapasita liwe na rezista za kumaliza chaji, na lisifunguliwe mpaka mita isome sifuri.

Akasema bajeti ya uzio haikuwepo kwenye mpango. Nikamwambia basi radi nayo isiwepo.

Tulikuwa tumekwama hapo msanii mwenyewe aliponipigia. Sauti ya kijana, adabu nyingi.

"Shikamoo kaka. Samahani, nasikia kuna mashine nilikuwa nisimame katikati yake. Mimi nimeisikia leo."

Kumbe hakuna aliyemwambia. Nikamweleza yote, toka ngozi hadi pedi ya pajani, hadi ile picha ya Colorado Springs. Hakunikatiza. Mwisho akauliza kama siku tutakayoijaribu, hata ndogo, angeruhusiwa kuja kuangalia.

Nikamwambia aje, na kwamba tutasimama wote nyuma ya uzio, yeye, mimi na mzee.